Tuta Mlangoni Petu

Kamisawa, 9 Januari 1984

Kaka Tokuji,

Shikamoo. Naandika nimepiga magoti kando ya jiko la mafuta, Kanae kalala mgongoni, kwa hiyo ukiona mistari imepinda ujue mtoto amejigeuza. Sisi wazima. Kanae ana meno manane sasa na juzi kamng'ata baba yake sikio mpaka likatoka damu, Isao akacheka. Wewe je? Jicho la kushoto halikusumbui na baridi hii? Tangu lile tawi likuchome sipendi kukufikiria ukiendesha greda alfajiri.

Nisamehe kaka, leo nitaisema vibaya kazi yako.

Theluji haijakatika tangu kabla ya Mwaka Mpya. Ua wetu umejaa mpaka kwenye madirisha, ndani tunawasha taa mchana. Hilo tumezoea. Ila kila alfajiri greda la mji linapita, na likishapita, barabara inabaki safi kama sinia, na mlangoni petu tunaachiwa tuta la theluji linalonifika kiunoni. Si theluji laini. Ni mabonge yaliyochanganyika na barafu, beleshi likigonga linalia kama limegonga jiwe. Gari la Isao liko ndani, barabara iko nje, na tuta liko katikati. Tunachimba wawili, yeye na beleshi la chuma, mimi na lile pana la kusukuma, lile wanaloliita mamasan, beleshi la mama, kana kwamba akina baba hawana mikono.

Isao ameshachelewa kiwandani mara mbili. Msimamizi wa mbao kamwambia, "Ya tatu usije kabisa, baki nyumbani ulee." Isao sasa hasemi asubuhi. Anachimba huku anauma meno, halafu anasema, "Huyu Narita ananikomoa." Narita Kunio ndiye dereva wa mtaa wetu. Nikamwambia akukomoe ana nini na wewe, hata hakujui. Bi Kasai wa ng'ambo ya barabara, ambaye mlangoni pake haliachwi hata bonge la kumfunika paka, ananichekea: "Mama Kanae, greda halina macho, lakini dereva anayo!"

Kaka, kwa nini upande wetu tu? Haiwezekani ainue lile bapa la chuma kidogo tu akifika kwetu?

Kula vizuri. Nimekutumia matofaa kumi, yaliyopondeka kidogo ndiyo matamu.

Mdogo wako,
Sumie


Oide, 15 Januari 1984

Mdogo wangu Sumie,

Marahaba. Matofaa yamefika, mawili tu ndiyo yameoza, wengine bwenini kwetu wameyamaliza kabla sijamaliza kusoma barua. Mwambie Kanae mjomba wake anasema sikio moja halitoshi. Mimi mzima, jicho linavumilia.

Sasa sikiliza, nikupandishe kwenye kiti changu. Bapa la greda limewekwa mshazari, na theluji inateleza kwenda kushoto siku zote. Ninyi mko kushoto, Bi Kasai yuko kulia. Hakuna chuki hapo, ni chuma tu. Mimi nina nyumba mia mbili na arobaini kabla watu hawajaenda kazini. Nikisimama nusu dakika kila mlango niinue bapa, ni saa mbili nzima zimepotea, na wa mwisho atachimbuliwa mwezi wa nne pamoja na maua.

Unafikiri hatujui mnavyotutukana? Wiki iliyopita mzee mmoja kanitemea mate kwenye kioo, yakaganda hapo hapo, nikazunguka na mate ya mzee mpaka mwisho wa zamu. Mwanamke mmoja alinimwagia maji ya kuoshea figili. Nilinuka kachumbari siku mbili.

Wabaya kuliko wote ni wanaotupa theluji ya uani kwao barabarani mchana, sisi tukiwa tumelala. Magari yanaikanyaga, jua linailainisha, jioni inaganda na kuwa vichwa vya mawe. Hapo lazima turudi mara ya pili kukwangua. Na nikikwangua itakwenda wapi? Kushoto. Halafu mtu anatoka na nguo za kulalia ananiita mwizi!

Nikupe siri ya kazi. Simama mlangoni utazame barabara. Upande wako wa kulia, kabla ya njia yenu ya kuingilia, chimba shimo pana kama vitanda viwili. Greda likija litamwagia mzigo humo, na likifika mlangoni litakuwa karibu tupu. Isao asimchukie Narita. Tulisomea leseni ya greda pamoja, tulikuwa tunakula bakuli moja. Ni mkali wa mdomo lakini si mtu mbaya.

Kaka yako


Kamisawa, 4 Februari 1984

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Kanae hajambo. Isao yuko mahabusu.

Nitaeleza kwa mpangilio maana nimeshaeleza polisi mara tatu.

Jumatatu tarehe 30 greda lilipita alfajiri kama kawaida. Tukachimba saa nzima. Shimo ulilosema tulilichimba, lakini theluji ya siku mbili ilikuwa imeshalijaza. Tukafungua njia, Isao akawasha gari, akaingia ndani kunywa supu yake amesimama. Kumeshapambazuka. Tukasikia mngurumo. Greda limerudi. Lilikuwa linakwangua barabara, chuma kinalia, na lilipopita kwetu likalaza tuta jipya mbele ya gari ambalo lilikuwa linaunguruma tayari.

Isao alitoka na beleshi akaenda kusimama mbele ya greda. Narita akafungua mlango akapiga kelele, "Toka njiani wewe! Nina nyumba themanini mbele!"

"Umeshapita mara moja! Umenifukia mara mbili asubuhi moja, nimekuulia nani?"

"Nakurudishia mali yako. Hii theluji ni yenu. Iwekeni uani kwenu, acheni kuimwaga barabarani!"

"Mimi? Sijatupa hata beleshi moja barabarani, tangu nizaliwe!"

"Basi ina miguu, imetoka yenyewe."

"Unaniita mwongo mbele ya mke wangu?"

Narita akashuka. Laiti asingeshuka, kaka. Akashuka, akanyoosha kidole huku mlangoni nilikosimama na Kanae mgongoni, akasema, "Kama si wewe ni nani? Huyo mtoto?"

Isao akampiga. Narita aliinua mkono wa kulia kujikinga na beleshi likaupata, nikasikia mfupa ukivunjika, mlio wake ni kama tawi la mtofaa linapokatwa kwa mkasi mkubwa. Pigo la pili likapasua sikio. Damu ilirukia tuta, na theluji inavyokunywa damu, haikuchukua muda ikawa ya waridi mpaka chini. Narita kwa mkono wa kushoto akachomoa nondo ya kuvunjia barafu, akampiga Isao mdomoni. Meno mawili yametoka. Isao akamwangusha, akamkalia mgongoni, akamkandamiza uso kwenye theluji, na miguu ya Narita ikapiga, ikapiga, kisha ikaanza kupunguza. Mleta maziwa ndiye aliyemvuta Isao kwa kola. Mimi nilikuwa mlangoni. Sikusogea.

Mwendesha mashtaka ana mpaka tarehe 21 kuamua. Wanasema Narita akiandika barua ya msamaha na kupiga muhuri wa jina lake, Isao anaweza kuachiwa. Asipoandika, ni mahakama na jela, na kiwandani jina lake litafutwa. Kwa sasa msimamizi kaambiwa Isao anaumwa meno, jambo ambalo ni kweli.

Nilikwenda kwa Narita na boksi la keki za maharage. Mkewe, Fusa, alinifungulia, akalichukua, akalitupa nje kwenye theluji. "Kampe mumeo atafune na meno yaliyobaki!" Kisha kwa upole kuliko alivyotupa akaniambia, "Kunio anataka kitu kimoja. Mumeo aje ainame aseme alikosea, theluji ilikuwa yake. Basi." Nikampelekea Isao habari hiyo kule mahabusu. Akasema, mdomo umevimba, "Siwezi kuinamia uongo. Nife humu."

Tangu siku ile madereva hawaleti greda kwenye njia yetu. Majirani wanachimba kwa mikono. Jana bonge la barafu lilipita dirishani, likaanguka hatua mbili kutoka kwenye godoro la Kanae, na sauti nje ikasema, "Mke wa mvunja mikono!" Nimeziba kwa kadibodi. Bi Kasai kaniambia bila kunitazama, "Mumeo kapiga, sisi ndio tunatoka jasho."

Kaka, wewe na Narita mlikula bakuli moja. Mwandikie. Mwombe asamehe tu, bila Isao kuinama. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unibebe tukitoka shule.

Mdogo wako,
Sumie


Oide, 8 Februari 1984

Sumie,

Barua nimeipata. Mzima.

Halikuwa tawi. Majira mawili ya baridi yaliyopita, mtaa wa tatu wa zamu yangu, mtu alinirushia jiwe zito, lile la kukandamizia figili za kuchachusha ndani ya pipa. Lilivunja kioo cha greda, vipande vikaingia jichoni. Nilikuambia ni tawi kwa sababu ulikuwa na mimba ya Kanae. Aliyerusha sikumwona. Kila alfajiri napita mtaa ule, nyumba ishirini na sita, na kila mlango nasema ni huyu. Niliwahi kusimamisha greda mbele ya mlango mmoja na kutaka kuingia nalo ndani mpaka jikoni. Mguu ulikuwa tayari kwenye pedali. Ulikuwa hujui hilo, sasa unajua.

Narita sitamwandikia. Nikimwandikia nitamwambia asisamehe.

Nina swali moja. Greda halirudi bure. Mafuta yanapimwa, saa zinapimwa. Dereva anarudi pale tu ambapo uso wa barabara umeharibika. Mbele ya nyumba yenu kulikuwa na nini?

Tokuji


Kamisawa, 11 Februari 1984

Kaka,

Umetia sahihi kwa jina lako kama unavyoandikia ofisi. Nimeiona. Sikulaumu. Jicho lako nimelilia peke yangu ili Kanae asinione, halafu akaniona.

Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na theluji yangu.

Ilianza kabla ya Mwaka Mpya. Mtaro wa maji wa kutupia theluji uko hatua sitini kutoka kwetu, na unajua unavyofunguliwa kwa zamu. Safu yetu ni saa saba mpaka saa nane mchana. Saa hiyo Kanae ndiyo analala, na nikimwacha akiamka atalishika jiko. Nikimbeba mgongoni, kwenda na kurudi na mamasan imejaa, napeleka mara sita tu maji yanafungwa. Ua umejaa. Nikawa naiweka pembeni mwa barabara. Mara ya kwanza mabeleshi matatu. Gari la mkate likapita juu yake, ikalala, haikuonekana. Nikaona loo, ni rahisi hivi! Tangu hapo kila siku, Isao akishaondoka, naichukua ya uani naimwaga barabarani, naitandaza vizuri kama unga wa tambi kwenye ubao. Isao akirudi anaukuta ua una nafasi, ananisifu: "Mke wangu ana nguvu za farasi." Nilipenda kusifiwa.

Ulipoandika habari za watu wanaotupa theluji mchana nilikunja barua nikaiweka chini ya mkeka. Nilisema kesho nitaacha. Jumapili ile ya tarehe 29 kulikuwa na joto, nikatoa nyingi kuliko siku zote. Isao alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Jioni baridi ikarudi. Asubuhi mleta magazeti kaanguka na baiskeli mbele yetu, Bi Kasai akapiga simu kwa wenye greda. Ndiyo maana Narita alirudi. Alikuwa anakwangua theluji yangu na kunirudishia.

Na aliposema ni yenu, alikuwa anasema kweli. Na Isao aliposema si yake, naye alikuwa anasema kweli. Mwongo alikuwa mmoja tu pale na alikuwa mlangoni amebeba mtoto. Neno moja tu, kaka. Ningesema "ni mimi" beleshi lingeshushwa bila kupiga. Nililiona linapanda. Nilikuwa na muda.

Isao anakaa kule amekataa kuinama kwa sababu anamwamini mkewe. Nikimwambia, atatoka lakini je, atarudi kwangu? Na nisipomwambia, tarehe 21 inakuja. Sijasoma sana, mambo kama haya sijui yanaandikwaje. Niambie nifanye nini, hata kama ni kwa ukali.

Sumie


Oide, 13 Februari 1984

Mdogo wangu,

Mimi si kasisi wa hekalu, ni dereva, nitakwambia kwa namna ya dereva. Ukishaona umekwama, usizidi kukanyaga mafuta, unachimba shimo tu. Shuka.

Nenda kwa Narita kwanza, kwa Isao baadaye. Usipeleke keki. Peleka mdomo. Usiseme "tulikosea", wala usianze na mtoto alivyokuwa amelala. Sema ni mimi, sema ni siku ngapi. Fusa akikupiga, pokea. Mkono wa dereva ni wali wa watoto wake.

Nikueleze jambo moja halafu nikalale. Nyumba zile ishirini na sita. Ningetaka mmoja atoke tu mlangoni, aje kwenye kioo changu aseme, lile jiwe lilikuwa langu. Nafikiri ningemsamehe kabla hajamaliza sentensi. Labda ningempiga kwanza. Lakini hajatoka, na mimi nakaa na watu ishirini na sita kichwani badala ya mmoja. Usimfanyie Narita hivyo.

Kwa Isao sina ahadi. Anaweza kukuacha. Akikuacha, chumba changu bwenini kinaenea mikeka sita, mtalala wewe na Kanae, mimi nitalala kwenye greda.

Funika mdomo wa mtoto unapotoka, upepo wa wiki hii ni mbaya.

Kaka yako


Kamisawa, 17 Februari 1984

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimesoma neno "kaka yako" chini ya barua kabla ya kusoma juu. Kanae mzima, nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine umevimba, utajua kwa nini.

Nilikwenda kwa Narita juzi asubuhi. Sikuweza kuufikia mlango. Aliyechukua zamu ya Narita alikuwa amepita, na mbele ya nyumba yao kulikuwa na tuta refu kuliko letu. Unacheka? Mimi nilitaka kucheka nikaogopa. Fusa alikuwa upande wa ndani anachimba peke yake, uso mwekundu, mimi nikiwa upande wa barabara, tunaonana vichwa tu.

"Umekuja kutazama?" akaniuliza. "Tazama. Mwenye nyumba ana mkono mmoja."

Nikasema, "Ni mimi niliyetupa theluji barabarani. Si Isao. Isao hajui mpaka leo. Ni siku thelathini na mbili, nilihesabu kwenye kalenda."

Alisimama. Kisha akapanda lile tuta kwa magoti, akashuka upande wangu, akanipiga na mpini wa beleshi begani, na nilipoinua mkono kumkinga Kanae akanipiga mkononi, halafu mara ya tatu mgongoni mwa vidole. Mara ya nne beleshi lilikuwa juu na Kanae akaanza kulia. Akalishusha. "Mtoto unamleta wa nini?" alinifokea. "Unamleta ili nisikupige?"

Nikasema, "Sina wa kumwachia." Ni kweli, kaka, sina.

Dirisha la juu likafunguka. Narita alikuwa pale, mkono kwenye plasta, bandeji imezunguka kichwa. Kumbe alisikia yote. "Siku thelathini na mbili?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana Narita."

"Nilijua tu! Nilimwambia Fusa, pale kuna mtu anatandaza kwa ufundi, hata bonge moja haliachi." Kisha sauti ikabadilika. "Mumeo alinisukumia uso kwenye theluji nikaona nyota. Nilifikiri nakufa kwa ajili ya theluji. Wewe ulikuwa unaniangalia."

"Ndiyo."

"Nenda kamwambie. Akija akiinama, nitapiga muhuri. Asipoinama, tutaonana mahakamani, na wewe utasema haya haya mbele ya jaji." Akafunga dirisha.

Jana nikaenda mahabusu. Dakika kumi na tano, kioo katikati, askari pembeni anaandika kila neno. Nilisema yote. Isao alinitazama kama mtu anayesoma bango la mji asioujua. Kisha akaanza kupiga kioo kwa paji la uso. Mara moja, mbili, mpaka kikawa na damu, askari akamshika mabega, na yeye anapiga kelele, "Nimevunja mkono wa mtu! Nimevunja mkono wa mtu bure!" Wakamtoa nje. Dakika tano zilikuwa zimebaki, nimekaa nazo peke yangu mbele ya damu yake kwenye kioo.

Zimebaki siku nne. Sijui ataamua nini. Lakini nimelala usingizi jana, kaka, mara ya kwanza tangu Januari. Na leo asubuhi greda limepita kwenye njia yetu. Limetuachia tuta. Nililichimba kwa mkono mmoja, na theluji yote nimeipeleka mtaroni.

Mdogo wako,
Sumie


Kamisawa, 26 Februari 1984

Kaka yangu,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukuweka roho juu siku zote hizi. Telegramu yako "VIPI" niliipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa bado sijui vipi.

Tarehe 20 walimtoa Isao mahabusu wakamleta chumba cha polisi, Narita akaja na Fusa. Mimi niliruhusiwa kukaa ukutani. Isao alipiga magoti. Alikaa hivyo muda mrefu nikafikiri amekataa. Kisha akainama mpaka paji la uso lenye kidonda likagusa sakafu, akasema, "Nilikupiga kwa jambo ambalo ulikuwa unasema kweli. Theluji ilikuwa yangu."

Hakusema "ya mke wangu". Kila mtu mle ndani alikuwa anajua, na karatasi ya askari ilikuwa inajua. Akarudia tena, "Ilikuwa ya nyumba yangu. Yangu."

Narita alinitazama mimi ukutani, akamtazama yeye sakafuni. "Haya, inuka," akasema. "Utapata baridi ya magoti, nayo utasema ni mimi." Muhuri ilibidi aupige Fusa, kwa kuwa mkono wa kulia wa mumewe hautashika kitu mpaka majira ya kuchanua maua. Aliupiga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Gharama za hospitali tutalipa, hilo ni haki.

Isao aliachiwa kesho yake. Nje ya kituo aliniambia, "Sijakusamehe. Usinisemeshe mpaka nianze mimi." Akatangulia mbele, mimi nyuma na Kanae, hatua kumi katikati, mpaka nyumbani. Kiwandani wamempokea, ila sasa anabeba maganda badala ya kupasua mbao. Nyumbani anakula, anambeba mtoto, analala akitazama ukuta. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nimeshakunja nguo za Kanae kwenye kitambaa, kaka, zile za kuja nazo kwako.

Leo Jumapili, siku ya tano. Imeanguka nyingi tangu usiku. Greda limepita, tuta lile lile. Zamu yetu ya maji imebadilishwa, sasa ni asubuhi, nikatoka na mamasan nikaijaza, lakini njia ya kwenda mtaroni imefunikwa, na mkono wangu bado hauna nguvu. Nikasimama pale katikati na mzigo wangu, sijui niende kushoto au kulia. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimechoka tu, na barabara ilikuwa karibu.

Dirisha likafunguka kwa kishindo. "Wee! Si huko! Una wazimu wewe mwanamke? Huna akili hata ya kuku? Ukiweka hata kijiko hapo nitakufukia nayo!" Majirani wote walisikia. Bi Kasai alisimama na beleshi lake lililojaa hewani, na mimi nililiona lilikuwa limeelekea wapi, na yeye akaona nimeliona, akalirudisha uani kwake taratibu.

Isao akatoka na viatu vya ndani. Akanipokonya mamasan mkononi. "Shika beleshi hili dogo," akasema, "upite nyuma yangu, nitakufungulia njia. Na ufunge kitambaa chako vizuri, mtoto kichwa wazi."

Kaka, nimetukanwa mtaa mzima umesikia, na nilifurahi nikashindwa kutembea. Tumepeleka mizigo kumi na saba. Hakusema kingine mpaka maji yalipofungwa. Sasa anapiga kelele kule nje kwamba viatu vyake vya theluji nimeviweka wapi. Viko alipoviacha mwenyewe, lakini ngoja nikamwonyeshe.

Mdogo wako,
Sumie